Mikono Mitupu Mpaka Wamaza

Mimi sikuja Kongo kuangalia ukuta. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikianza kusimulia habari ya kijiji cha Wamaza, hakosi mtu wa kunikatiza: "Sasa wewe Safia, huko ulifuata nini?" Nilifuata kuona. Basi! Mtu katoka Ujiji, kavuka ziwa, kapewa mkataba wa miezi kumi Kasongo wa kufunga friji za chanjo zinazotumia jua, halafu kila Jumamosi na Jumapili alale chali ahesabu mijusi darini? Wenzangu wawili wa mradi ndivyo walivyoishi. Walicheza karata mpaka picha zikaanza kufutika. Mimi nikasema hapana, mimi si mtu wa hivyo.

Shida ilikuwa namna ya kufanya. Gari la mradi mwisho wa juma halitoki uani, na mshahara wangu nusu yake inavuka ziwa kurudi kwa wanangu kabla sijaiona rangi. Kwa hiyo nikajitungia masharti. Naenda peke yangu, maana ukienda na mwenzako ataumwa tumbo njiani au atataka soda kila penye kivuli. Sikodi pikipiki nzima, namtafuta mwenye pikipiki ambaye tayari ana safari yake na nyuma yake pako wazi. Habari za njia nawauliza watu watatu waliofika kutoka huko siku ileile, siwaulizi wa Kasongo mjini, hao wanajua kila kitu na hawajaenda popote. Na sitoi taarifa kwamba nakuja. Ukitoa taarifa watu wanakuchinjia kuku, na ukishakula kuku wa watu huondoki hivihivi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Nyangwe. Nilipanda nyuma ya Pitchou, kijana mwenye pikipiki aliyekuwa anafuata samaki wakavu mtoni. Nikavaa kofia, nikabeba begi mgongoni na daftari la kuandikia ninayoyaona. Nikashuka sokoni, nikafungua daftari, nikaanza: mama, fungu hili kiasi gani? Na mtumbwi wa kuvuka, kiasi gani? Na kwa siku unauza mafungu mangapi? Wallahi, haikufika robo saa soko likawa jeupe. Mizani zilipotea. Mama mmoja alitupa kitenge juu ya samaki wake, akakaa juu yao, akaniambia hauzi kitu, anapumzika tu. Nilizunguka Nyangwe nzima siku mbili watu wakinijibu "ndiyo mama, hapana mama" kama wanafunzi waliochelewa. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo Pitchou alipoona vema kunieleza, tena anacheka hadi pikipiki inaingia majanini.

"Mutu wa kutembea peke yake na daftari, ni nani tena? Walisema wewe ni wa kodi!"

"Na wewe ulikuwa wapi usiwaambie?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza, sasa kama si wa kodi anafuata nini? Nikakosa jibu."

Nikajifunza. Nikaapa safari ijayo hakuna begi, hakuna daftari, hakuna kofia. Nguo niliyovaa, mswaki mfukoni, mikono mitupu. Isitoshe, Pitchou mzigo anautoza, hata uwe furushi la kutosha paka kukalia. Nilijiona mjanja sana, na ujanja huo ndio ulionipeleka pabaya.

Chumba changu nilipanga kwa Mama Mwamvita. Yeye ni mwenye duka la vitenge karibu na msikiti, mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mkali, hapendi mtu amwambie keti upumzike. Mimi aliniita Mutembezi. Nilipomwambia kwamba Jumamosi naenda Wamaza, upande wa Kabambare, hakuacha kupepeta mchele.

"Kule kuko nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Hauna ndugu, hauna biashara. Unatembea bule."

"Bure hasa, mama. Ndiyo raha yake."

Kwa kawaida hapo angeguna na kuniacha. Siku ile aliweka ungo chini. Akasema, "Wamaza kule iko mutoto wangu. Chadia."

Miezi minne nimelala chini ya paa lake, sijawahi kusikia kwamba ana mtoto. Akanieleza, hanitazami. Miaka sita nyuma, siku ya Alhamisi, mtu alifika kutoka Wamaza akasema mtoto mchanga wa Chadia amefariki. Siku ileile marobota ya vitenge ya Mama Mwamvita yalikuwa yamefika mtoni, yanamngoja mwenyewe. Akajiambia: ni mtoto wa siku chache, wameshamzika, nitakwenda kazi ikipungua. Kazi ilipungua baada ya mwezi na nusu. Alipofika, Chadia alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Alinambia: Mama, kilio yangu iliisha, haukukuja. Na yako mimi sitakuja." Aliurudisha ungo mapajani lakini hakupepeta. "Nimetuma watu, Safia. Nimetuma sukari, nimetuma kitenge, nimetuma imamu. Vyote vinarudi. Sina mutoto mwingine. Nitazikwa na majirani."

Sasa, mimi nina ugonjwa mmoja: mtu akiniambia jambo haliwezekani, damu inanichemka. Nikamwambia, "Mama, Jumapili nakuja naye."

"Usiniongopee."

"Nakuja naye. Kama hataki kupanda pikipiki, tutakuja kwa miguu."

Alinitazama kama anayekadiria kitambaa kama kitatosha. Halafu akaingia dukani, akatoka na pakiti mbili za chumvi na mche wa sabuni.

"Chukua hii."

"Mama, vitu vyako si vinarudi?"

"Chukua tu. Mutu atoke kwangu asiingie kwa watu mikono mitupu."

"Pitchou anatoza mzigo."

"Nitalipa mimi."

"Si hela, mama, ni masharti yangu. Mwenzio nimefukuza soko zima Nyangwe kwa sababu ya begi. Safari hii sibebi hata sindano."

Alifungua mdomo. Nakumbuka vizuri alivyoufungua. Kisha akaufunga, akageuza uso, kama mtu ambaye neno lenyewe linamwogopesha kulitamka juu ya nafsi yake. "Fanya vile unapenda," akasema. "Kichwa yako ni jiwe." Mimi nikadhani ni mambo ya adabu za wageni tu. Ningejua, ningebeba gunia zima.

Jumamosi tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Pitchou alikuwa anafuata karanga Wamaza, kwa hiyo wakati wa kwenda nyuma yake palikuwa patupu, akanichukua kwa nusu bei, kwa sharti moja: kila mteremko anazima injini, tunaserereka kimyakimya kuokoa mafuta. Nikakubali, ni akili. Njia ilikuwa vumbi jekundu la kuingia hadi kwenye meno. Nikautoa mabegani mtandio wangu mweusi, nikajifunga kichwa chote nikabakiza macho. Palipokuwa na daraja la magogo tulishuka, yeye akasukuma pikipiki, mimi nikamfuata nikijisomea hotuba yangu. Maana nilikuwa na hotuba. Nilishaamua sitaanza na "mama yako anakuita", kwa kuwa wote waliotumwa walianza hivyo wakarudishwa. Mimi nitaingia pole pole. Nitamkalisha kwanza. Mtu aliyekaa ni vigumu kukufungia mlango.

Tulifika saa nane mchana. Nyumba ya Chadia iko chini ya kilima, na Pitchou, kama kawaida yake, akazima injini juu, tukashuka bila sauti hadi katikati ya kiwanja. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa anaanika muhogo juu ya mkeka. Kando yake mama mtu mzima, jirani yake, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mama Emilienne, alikuwa anamenya karanga. Wote wawili waliinua vichwa. Huyo mdogo alitazama pikipiki, akanitazama mtandio, akanitazama mikono. Akairudia mikono.

"Salaam aleikum," nikasema. "Hapa ni kwa Chadia, mtoto wa Mama Mwamvita wa Kasongo?"

"Ni mimi."

Nikasogea, nikamshika bega, nikasema kwa sauti ya chini niliyoipanga njia nzima: "Dada, nimetoka kwa mama yako. Nakuomba kwanza ukae chini."

Hakukaa. Alianguka. Alianguka juu ya muhogo wake kifudifudi, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia, na Mungu aninusuru nisiisikie tena. Mama Emilienne akarusha karanga, akashika kichwa kwa mikono miwili, naye akaanza. Mimi nimesimama, mdomo wazi, sielewi. Kabla sijajua nifanye nini wanawake walishaanza kuingia uani kutoka kila upande, wengine wanakimbia na mikono yenye unga.

"Mama!" Chadia alikuwa anajigaragaza, vumbi na muhogo vimemjaa usoni. "Mama weee! Nilisema sitakuja, nilikuwa naongopa! Mama, nilikuwa naongopa! Ningekuja! Sababu gani haukuningojea? Ningekuja!"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Yarabi, wamemuua Mama Mwamvita! Yaani nimemuua mimi!

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Jamani, hajafa! Yuko hai!"

"Ndiyo mwanangu," mama mmoja akanikumbatia huku analia, "kwa Mungu wote iko hai."

"Sisemi kwa Mungu! Yuko Kasongo! Anapepeta mchele!"

Hakuna aliyenisikia. Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kunishika wakidhani na mimi uchungu umenipanda kichwani. Walinikalisha, wakanimwagia maji miguuni. Wengine walishafika na beseni la unga, na jogoo kafungwa miguu, na mafuta kwenye chupa. Nikamwona Pitchou amesimama pembeni amevua kofia, machozi yanamtoka. Nikamwita, "Wewe mwehu! Unamlia nani? Jana si alikupa chai?" Akashtuka, akajifuta macho, akarukia pikipiki na kubana honi. Aliibana, wala hakuiachia, mpaka uwanja wote ukanyamaza kwa hasira.

"Mama Mwamvita hajafa," nikasema katika ukimya ule. "Ni mzima. Hata mafua hana. Amenituma nije kumsalimia mtoto wake."

Watu wakanigeukia. Nimewahi kukatikiwa na lifti hewani nikiwa na friji ya kilo mia mbili, lakini pale ndipo nilipoogopa.

Mama Emilienne alikuwa wa kwanza kusema. "Wewe mama, ulikuja na nini?"

"Sikuja na kitu."

"Basi sikia. Mutu akitoka Kasongo kuja huku, anakuja na cha kuuza, ao anakuja kununua, ao anakuja na zawadi. Wewe mikono ni bule. Kichwa umefunika nyeusi. Moto, ile pikipiki yenu, inaingia kwa watu haipigi honi. Unaita mutu kwa jina ya mama yake, unamwambia akae chini. Hata mutoto wa miaka tano angejua. Mutu wa namna ile anabeba kilio."

Masharti yangu yote, moja baada ya jingine, nilikuwa nimeyapanga kana kwamba nimefundishwa namna ya kutangaza msiba.

Chadia alikuwa ameketi sasa. Aliokota kipande cha muhogo kwenye nywele zake, akakitazama, akakitupa. Alisimama, akanijia hadi pua zetu zikakaribiana.

"Amekutuma?"

"Amenituma nikusalimie. Hili lingine ni ujinga wangu, dada. Naapa."

"Basi rudi umwambie hivi. Chadia alishakulia. Watu wote wa Wamaza ni mashahidi. Siku utakufa kweli usimungojee tena, alishamaliza." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ningekuwa mtu wa kawaida ningepanda pikipiki nikarudi zangu. Pitchou mwenyewe alikuwa ananivuta kitenge: twende, dada Safia, twende karanga ziko upande wa pili, watu hawa wataturushia mawe. Nikamwambia nenda kwenye karanga zako, kesho alfajiri unikute hapa. Nikachukua kigoda, nikakiweka mbele ya mlango wa Chadia, nikakaa. Nilikuwa nimeahidi Jumapili, na Jumapili ilikuwa haijafika.

"Dada Chadia," nikasema kupitia mlango, "mimi ni mpumbavu, tumekubaliana. Lakini siondoki."

Nikasogeza kigoda karibu zaidi na mlango.

"Na yale maneno uliyosema ukiwa chini, mimi simpelekei. Hayabebeki. Nilishakataa kubeba chumvi, nitaweza hayo?"

Mama Emilienne aliniletea bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, bila kunisemesha, akaniweka sahani kama anamwekea mbwa aliyeiba, lakini akaniwekea nyingi. Nikala. Nikaswali pale pale. Watoto walikuja kunitazama, wakachoka. Kiasi cha saa kumi mlango ukafunguka kidogo, Chadia akakaa upande wa ndani, mimi upande wa nje.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anaogopa."

"Yule? Anaogopa nini?"

"Kuzikwa na majirani."

Alicheka, kicheko kibaya. "Mimi nilizika na majirani, dada. Iliasi, mume wangu, alikuwa Kabambare anatafuta pesa, hakujua. Mama Emilienne ndiye alishika mutoto. Mama Emilienne ni Mukristo, hajui hata namna ya kumfunga sanda, lakini alimushika usiku wote. Na mama yangu alikuwa anahesabu vitenge."

Nilimwonea uchungu hadi nikamchukia Mama Mwamvita, mama wa watu aliyenipa chumba na kunipikia wali nikiwa na malaria. Mwishowe nikasema, "Basi mwambie hivyo hivyo. Usinipe mimi. Mwambie usoni kwake, halafu nitakurudisha mwenyewe, kwa gharama yangu, hata uwe umemtukana."

Akafunga mlango, taratibu safari hii.

Kazi ikabaki kwenye chakula. Unga, jogoo, mafuta, ndizi, na majani ya muhogo, vyote vimekaa uani na wanawake wamevizunguka hawajui wafanye nini. Mmoja akataka kuchukua beseni lake aende nalo. Mama Emilienne akampiga kofi mkononi.

"Chakula ya kilio hairudi kwa nyumba ilitoka. Unataka kuitia kifo kwako?"

"Sasa tuiweke wapi, na kilio hakuna?"

"Iende fasi yake, pahali pake. Tuliileta kwa sababu ya Mwamvita. Iende kwa Mwamvita."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na uso ameuelekeza mlangoni kwa Chadia. Nilianza kumpenda mama yule.

Nililala kwake. Alfajiri nilipotoka, Chadia alikuwa amesimama karibu na pikipiki, amevaa vizuri, beseni la unga limefungwa kwa kitambaa, jogoo yuko kwapani. Pitchou, mwenye gunia la karanga, alikuwa anagomba kwamba pikipiki si lori.

"Siendi kusamehe," Chadia akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Naenda kupeleka chakula ya watu."

"Sijakuuliza," nikasema.

Pitchou alitoza watu wawili, beseni, jogoo na fadhaa yake ya jana. Nililipa. Gunia la karanga akaliacha kwa Mama Emilienne alifuate kesho yake, na hilo nikalilipia pia, na safari yangu ya bei nafuu ikaishia hapo. Tulikaa watatu juu ya kiti kimoja, mimi wa mwisho kabisa, nusu hewani, nimekumbatia ndizi. Kila tulipopita watu walituuliza kwa ishara, na Pitchou kwenye kila mteremko aliacha injini inanguruma na kupiga honi kama bwana harusi. Alikuwa amekoma.

Tuliingia Kasongo jua limepinda. Nilishuka kwanza miguu imekufa ganzi. Mama Mwamvita alikuwa barazani kwake juu ya kigoda, anakunja vitenge. Aliponiona alisimama. Alipomwona aliyeshuka baada yangu alikaa tena. Macho yake yakashuka kwenye beseni lililofungwa, yakaenda kwa jogoo, yakaenda kwenye chupa ya mafuta. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa chakula kile ni cha nini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," Chadia akasema.

Nilitaka kuingilia kati nieleze. Nilishavuta pumzi. Mama Mwamvita aliniinulia kidole tu, nikanyamaza. Alimtazama mtoto wake muda mrefu, vumbi la njia kichwani, macho yaliyovimba tangu jana. Sidhani kama alihitaji maelezo yangu.

"Ulilia?"

"Nililia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Nililala chini. Nilisema mambo." Chadia aliweka beseni sakafuni. "Watu waliacha kazi, Mama. Hawakujui, hawajawahi kula kwako, wakaacha kazi. Wakaleta chakula mbio kabla ya kuuliza umekufa na nini. Kwako wewe! Na mutoto wangu, wewe..."

Hakumaliza. Mama Mwamvita alikuwa ameinuka. Nilidhani anamwendea kumkumbatia, na Chadia naye alidhani hivyo, maana alirudi nyuma hatua moja. Hakumwendea. Alisukuma kigoda kando kwa mguu. Akafungua kilemba chake, akakiweka juu ya vitenge. Kisha akashuka chini, pole pole, mkono mmoja ukutani, akaketi sakafuni na miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyoketi wafiwa.

"Chakula ilishakuja," akasema. "Basi tukae. Jina yake sikuuliza, Chadia. Miaka sita sikuuliza. Alikuwa nani?"

Chadia alisimama pale, jogoo bado kwapani. Nilifikiri atageuka aondoke, na nisingemlaumu.

"Asani," akasema. "Alikuwa na siku kumi na tisa. Alikuwa anashika kidole yangu hataki kuachia."

"Asani," mama yake akarudia. Akalisema mara ya pili, na mara ya tatu lilitoka na sauti nyingine, sauti ya juu, ile inayopita ukuta. Mwanamke yule ambaye hapendi kuambiwa pumzika alijipiga mapaja kwa mikono miwili, akamwita mjukuu wake kwa jina mbele ya barabara nzima, akamwomba msamaha kwa jina, akamwambia nilikuwa kwa vitenge, Asani, nilikuwa kwa vitenge. Chadia akaketi chini kando yake. Mimi nililia hadi kamasi, sioni haya kusema.

Majirani walitoka mbio. Walijaa mlangoni, na aliyekuwa mbele akanishika mkono akauliza kwa wasiwasi, "Nani amekufa?"

"Mjukuu wa Mama Mwamvita."

"Inna lillahi. Lini?"

"Miaka sita iliyopita."

Alinitazama, akawatazama wale wawili sakafuni. Akavua viatu, akaingia, na wengine wakamfuata.